Kupima hali ya kihisia ya watoto waliopona saratani pale wanapotoka makabila tofauti

Mwongozo huu ni wa muuguzi, ofisa ustawi wa jamii au mshauri nasaha katika kliniki ya watoto waliomaliza matibabu ya saratani, anayetakiwa kujibu swali moja: je, watoto wa kabila fulani wana huzuni na wasiwasi kuliko wenzao? Ni swali halali, maana msaada ukigawiwa bila kuuliza, wanaoupata ni wale wale wanaojua kuuomba. Lakini likiulizwa kwa pupa huzaa jibu la uongo, na jibu hilo likishaingia kwenye ripoti huwafuata watoto ambao hata hawakuhojiwa.

Waliotangulia kuliuliza kwa upana ni Wamarekani. Utafiti wao mkubwa wa manusura wa saratani ya utotoni ulikusanya watu kutoka hospitali 31 za Marekani na Kanada, waliogundulika na saratani kabla ya kutimiza miaka 21 na kuishi angalau miaka 5 baada ya hapo. Kundi la kwanza ni la waliougua kati ya 1970 na 1986, baadaye likaongezwa hadi 1999. Humo kuna mambo mawili ya kuchota. La kwanza, manusura walilinganishwa na ndugu zao wa damu ambao hawakuugua; tutaona mbele kwa nini hilo ni la maana. La pili, washiriki wengi walikuwa Wazungu, kwa hiyo yanayosemwa juu ya Walatino na watu weusi yamesimama juu ya watu wachache. Tena mara nyingi tofauti baina ya makundi husinyaa pale kipato, elimu na bima ya afya vinapotiwa kwenye hesabu.

Kwanza ujue mtoto ameambiwa nini

Kabla ya dodoso lolote, kaa na mzazi au mlezi peke yake, dakika 10 zinatosha. Muulize: mtoto anauitaje ugonjwa wake? Nyumbani mnautajaje? Nani mwingine anajua? Watoto wengi hufikisha miaka 14 au 15 wakiwa wameambiwa walikuwa na "uvimbe" au "damu chafu". Familia nyingine hulificha neno saratani kwa kuogopa binti asije akakosa mchumba, au ukoo usije ukanyooshewa kidole kwamba umerogwa. Ukilitaja neno hilo wewe wa kwanza, hujapima huzuni, umeileta. Andika juu ya fomu, kwa herufi kubwa, jina ambalo mtoto analitumia, na mhoji alitumie hilo hilo.

Hapa pia ndipo makabila huonekana kutofautiana bila kutofautiana. Mtoto anayejua alikuwa na saratani huulizwa "unaogopa ugonjwa kurudi?" akaelewa. Asiyejua hujibu "hapana" kwa moyo mweupe. Ukiwa na jamii moja inayoficha na nyingine inayosema, ya kwanza itatoka kwenye karatasi ikiwa na amani tele. Kwa hiyo weka kisanduku: "anajua / anajua kiasi / hajui", na usilinganishe watoto wa visanduku tofauti.

Kabila liandikwe vipi

Inategemea upo nchi gani. Tanzania, sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, na mgonjwa akiulizwa kabila dirishani hujiuliza nani anataka kumbagua. Kenya sensa huuliza hadi leo, lakini sheria ya ulinzi wa data ya 2019 imeiweka asili ya kikabila pamoja na hali ya afya kwenye taarifa nyeti, hivyo unahitaji ridhaa na sababu iliyoandikwa. Rwanda kabila lilifutwa kwenye vitambulisho baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Huko usiulize kabisa. Marekani fomu ina visanduku tayari. Mwaka 2024 serikali iliunganisha swali la asili ya Kihispania na swali la rangi, yaliyokuwa yakiulizwa mbalimbali, kuwa swali moja lenye makundi 7. Hata hivyo mtoto wa Kikongo aliyekulia kambi ya wakimbizi, Msomali wa Minneapolis na Mmarekani mweusi ambaye ukoo wake uko Georgia miaka 200 wanaweza kuingia kisanduku kimoja, ilhali hawashiriki lugha, dini wala shule.

Njia inayofaa karibu kila mahali ni kuacha neno kabila lije mwisho, na kabla yake kuuliza mambo yanayofanya kazi ndani yake:

- lugha anayoongea na mama au bibi nyumbani, na lugha anayoitumia akigombana na wenzake (hii ya pili ndiyo lugha ya hisia zake)
- saa za safari kutoka nyumbani hadi kliniki, na nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili
- nani alikaa naye wodini, na nani alibaki na wadogo zake
- alikosa shule kwa muda gani, na amerudi darasa gani
- nani analipia matibabu, na kama familia iliuza shamba, ng'ombe au kiwanja

Kisha: "Kama hupendi kujibu hili, tuliache. Ninyi ni watu wa wapi, au kabila gani?" Liandike kama lilivyosemwa. Mwenye baba Mgogo na mama Mnyiramba aandikwe vyote viwili; usimchagulie.

Kipimo gani

Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 18, kipimo chepesi ni sehemu ya hisia katika PedsQL, dodoso la ubora wa maisha ya watoto. Ina maswali 5 tu: hofu, huzuni, hasira, usingizi, na wasiwasi wa yatakayompata, kwa mwezi mmoja uliopita. Kila jibu ni 0 (kamwe) hadi 4 (karibu kila mara), na hugeuzwa: 0 ni alama 100, 1 ni 75, 2 ni 50, 3 ni 25, 4 ni 0. Aliyejibu 1, 2, 0, 3, 1 anapata 75, 50, 100, 25 na 75, jumla 325, gawa kwa 5 ni 65. Kumbuka hapa alama kubwa ni afya njema. Watu huchanganya kwa kuwa vipimo vingine vyote tutakavyovitaja alama kubwa ni taabu. Kwa wa miaka 5 hadi 7 tumia nyuso tatu badala ya namba. Kipimo hiki kina wenyewe, na ruhusa huombwa kabla ya kukitumia.

Kwa kijana mkubwa na mtu mzima, dodoso za PHQ-9 ya sonona (Kenya wengi husema unyogovu) na GAD-7 ya wasiwasi hazihitaji ruhusa, na zimekwisha kutumika kwa Kiswahili. Zote huuliza wiki 2 zilizopita. PHQ-9 ina jumla ya 0 hadi 27, GAD-7 ina 0 hadi 21, na kwa zote mbili alama 10 ndipo penye kusimama na kumtazama mtu vizuri. Huo ni mlango wa mazungumzo, hukumu ya ugonjwa hutolewa na daktari.

Ule utafiti wa Marekani ulitumia dodoso la BSI-18, maswali 18 yaliyogawanywa sita sita: huzuni, wasiwasi, na maumivu ya mwili yatokanayo na dhiki. Fungu hilo la tatu lina mtego kwa waliopona saratani, na tutalirudia.

Maneno ndiyo kazi yenyewe

Dodoso hilo la maswali 18 lina swali ambalo kwa Kiingereza linamuuliza mtu kama amejihisi rangi ya bluu. Kwa Kiingereza ni huzuni. Kwa Kiswahili ni rangi tu, na kwa Kihispania vilevile. PHQ-9 nayo, ikiuliza juu ya kushindwa kutuliza akili, inatoa mfano wa kusoma gazeti au kutazama televisheni. Kijana wa boma lisilo na umeme atajibu hapana kwa sababu hana gazeti. Badilisha mfano, usibadilishe swali: kufuatilia taarifa ya redio, kuhesabu ng'ombe wakirudi jioni, kumsikiliza mtu hadi mwisho wa habari yake.

Kila jamii ina neno lake la dhiki, na mara nyingi si neno la daktari. Wazimbabwe wa Kishona husema kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na huduma yao ya Benchi la Urafiki, inayoendeshwa na bibi waliofunzwa, ilianzia kwenye neno hilo. Waganda husema yokwekyawa, mtu kujichukia. Wanyarwanda wana agahinda kenshi, majonzi mengi. Wasomali hutenga welwel, wasiwasi, na murug, huzuni, na yote mawili hayana aibu ya waali, wazimu. Mswahili husema "mawazo yamenizidi", "roho haitulii", "moyo mzito". Mtu anayekataa kabisa kwamba ana sonona anaweza kukubali palepale kwamba ana mawazo mengi, na akakueleza yanamjia saa ngapi za usiku.

Kwa hiyo, kwa kila lugha utakayoitumia, fanya hivi. Mtu mmoja atafsiri. Mwingine asiyeuona mwanzo atafsiri kurudi nyuma. Wakae pamoja na kuona ziliachana wapi. Kisha tafuta watoto 5 hadi 8 wa lugha hiyo, uwasomee swali moja moja na kuwaambia: "Nieleze kwa maneno yako, hapa nimekuuliza nini?" Usiwaulize kama wameelewa, maana watasema ndiyo kwa adabu. Swali ambalo wawili kati yao wamelieleza vingine, liandike upya na urudie. Hatua hii hurukwa kuliko zote kwa kuwa inachukua wiki mbili, na ikirukwa, tofauti utakayoipata baina ya makabila inaweza kuwa tofauti ya tafsiri.

Siku ya kuhoji

Tuanze na salamu, kwa sababu kwetu salamu ina jibu lake tayari. "Shikamoo sista." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo." "Habari za tangu siku ile?" "Nzuri." Mtu aliyefiwa jana atajibu nzuri, halafu aseme: "Nzuri, ila..." Kilichokuja kabla ya ila ni heshima, habari iko baada yake. Mhoji mwenye haraka huandika nzuri na kugeuza ukurasa. Maliza salamu zote, nyamaza kidogo, kisha useme: "Sasa hizo zilikuwa salamu. Nikuulize ya ndani?" Watoto wa jamii zinazokataza mdogo kulalamika mbele ya mkubwa watahitaji sentensi nyingine: "Ukiniambia linalokuumiza hujanikosea adabu, ndiyo kazi niliyotumwa."

Mkalimani asiwe mzazi, kaka wala dada. Mtoto hatasema mbele ya mama kwamba hulia usiku, kwani alishamwona mama akilia wodini na hataki kumwongezea. Binti wa miaka 13 na kuendelea ahojiwe na mwanamke. Kama jamii haipendi mtoto afungiwe na mgeni, acha mlango wazi, mzazi akae anapoweza kuona lakini asisikie. Hatua sita au saba zinatosha.

Usihoji asubuhi ya kipimo cha damu au picha. Hofu ya majibu ni kubwa kwa kila mtu, na hukaa siku kadhaa. Waliotoka mbali huwa wamelala njiani na hawajala. Wape chai kwanza. Kama wote wanaotoka mbali ni wa kabila moja na umewahoji wakiwa na njaa, umepima njaa ukaiita kabila.

Mwili kabla ya moyo

Mtoto anasema "moyo unaniuma" au "moyo unaenda mbio". Kwa Mswahili hiyo ni huzuni au hofu. Kwa aliyepewa doksorubisini, dawa ya saratani, inaweza kuwa moyo wenyewe, nyama ile kifuani, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuudhoofisha hata miaka mingi baadaye. Apimwe moyo kabla hujamwandikia wasiwasi. Hili ndilo lililo kwenye lile fungu la tatu la BSI-18: maumivu ya kifua, kufa ganzi, kukosa nguvu. Ganzi ya miguu huenda imeletwa na vinkristini, dawa nyingine ya saratani. Uchovu na kukosa raha kwa aliyechomwa mionzi shingoni huenda ni tezi ya shingo iliyolegea, na hufanana na sonona kama pacha. Mtoto aliyepewa sisplatini akikaa peke yake na kutojibu anapoitwa, apimwe masikio. Wengi husemwa wamekuwa wapole kumbe hawasikii vizuri. Aliyepigwa mionzi kichwani anaweza kushindwa shule kwa kumbukumbu, na huzuni ikafuata nyuma yake.

Magonjwa nayo hayakugawanyika sawasawa. Limfoma ya Burkitt, saratani ya mfumo wa limfu aliyoieleza daktari Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958, hushika zaidi maeneo yenye malaria nyingi kama ukanda wa Ziwa Viktoria. Watoto wa huko wana historia yao ya uvimbe wa taya na dawa zake, na ukiwaweka mbele ya watoto wa mahali pengine waliotolewa jicho au figo, unalinganisha magonjwa na matibabu. Tenga kwanza kwa aina ya saratani na dawa, hata kama makundi yatakuwa madogo.

Kusoma makundi bila kujidanganya

Chukua mfano wa namba za kufikirika, kwa alama za PedsQL. Watoto wa kundi la kwanza waliopona wana wastani wa 60, wa kundi la pili 70. Haraka utasema wa kwanza wameumia zaidi. Sasa wapime ndugu zao wasiougua. Kundi la kwanza ndugu wana 62, kundi la pili ndugu wana 80. Pengo lililofuatana na saratani katika kundi la kwanza ni 2. Katika la pili ni 10. Kundi la kwanza lina maisha magumu kwa wote, wagonjwa na wazima, na linahitaji msaada wa maisha. Kundi la pili ndilo lenye watoto walioachana mbali na ndugu zao, na ukiangalia wastani peke yake ungewapita. Hii ndiyo sababu ndugu wahojiwe. Nao walibeba mzigo wao, waliachwa kwa majirani mama akiwa hospitali, basi ukiweza ongeza mtoto wa darasa moja anayekaa jirani.

Idadi ndogo hudanganya. Watoto 9, wanane wana 70 na mmoja ana 20, wastani ni 64.4. Mtoto mmoja ameshusha kundi zima karibu alama 6. Ukiwa na chini ya 20 kwa kila kundi, usiandike wastani wa kabila kwenye ripoti. Andika alama moja moja kwenye mstari, na umfuate yule wa 20.

Hesabu wasiokuja. Chukua daftari la waliomaliza matibabu miaka 5 iliyopita, weka tiki kwa kila aliyehojiwa, alama ya simu isiyopatikana, na waliofariki. Kama jamii ya mbali imeleta theluthi tu ya watoto wake, hao ni wenye nauli na wenye nguvu. Piga simu jioni, wakati mwenye simu amerudi nyumbani, na umpe mtu nauli kabla ya safari. Ahadi ya kurudishiwa haimsaidii asiye na ya kuanzia.

Baada ya hayo gawanya watoto wote kwa saa za safari, kwa kurudi shule na kwa kujua au kutojua ugonjwa, ukiacha kabila pembeni. Angalia pengo. Kisha rudisha kabila ndani ya kila fungu. Pengo likitoweka, dawa yake ni hosteli, barua kwa mwalimu mkuu au mazungumzo na wazazi, na hayo ndiyo ya kuombea fedha. Likibaki, nenda kawaulize wazee na vijana wa jamii hiyo wanalionaje, kabla ya kulitafsiri wewe.

Alama mbaya hazisubiri ripoti

Swali la 9 la PHQ-9 ni la mtu kuwaza afadhali angekufa au kujidhuru. Jibu lolote lisilo 0, hata kama jumla ni 3, linashughulikiwa siku hiyo hiyo. Uliza waziwazi: anawaza kufanya nini, ana nini cha kufanyia, aliwahi kujaribu. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, mwite daktari wa zamu, na mkubaliane na mtu mmoja wa nyumbani atakayetunza dawa na sumu za shambani. Familia inaweza kuficha kwa kuogopa polisi, maana Tanzania kujaribu kujiua ni kosa kisheria. Waeleze kwamba wewe uko hapo kwa matibabu.

Kwa wenye alama za katikati, anza na kinachomkera kwa jina. Kovu linalochekwa shuleni, nywele zilizoota tofauti, darasa la wadogo, swali la kama atazaa. Hilo la uzazi vijana hawaliulizi, na wavulana hata kidogo. Lilete wewe, na ukiwa na orodha ya dawa alizopewa mbele yako ili jibu liwe la kweli kwake. Kwa watu wazima wa miaka 18 na zaidi, Shirika la Afya Duniani lina mpango wa vikao 5 vya dakika 90 unaoweza kutolewa na mtu asiye mtaalamu aliyefunzwa na kusimamiwa. Vikundi vya vijana viundwe kwa umri na aina ya kovu walilonalo, wala si kwa kabila, isipokuwa lugha ikiwazuia kuzungumza.

Rudia kipimo mara moja kila mwaka, na mara ya ziada katika nyakati nne zinazotikisa: anapomaliza dawa, anaporudi shule, anapoingia sekondari ya bweni, na anapohamishwa kliniki ya watu wazima. Huko ndiko wengi hupotea, kwa hiyo mkabidhi mkononi karatasi moja yenye jina la ugonjwa, dawa alizopata na vipimo vyake, pamoja na alama zake za hisia za miaka yote na lugha anayotaka kuhojiwa nayo.